Wale uliowaona wamelala walikuwa wametoka kazini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Naandika kwa mkono, mjukuu wangu ndiye anayechapa kwenye simu, na kila nikibadilisha neno anaguna. Kwa hiyo ukikuta sentensi imekaa upande, ujue nilitaka kuinyoosha nikaogopa mguno.

Wiki mbili zilizopita msomaji wenu mmoja alisimulia safari yake ya kuja huku kwetu Kigoma, mwisho wa reli. Alishuka kwenye treni, akalala, asubuhi akatembea hadi ufukwe wa Kibirizi kutazama Ziwa Tanganyika. Saa nne asubuhi, anasema, aliwakuta wanaume wenye nguvu zao, wapata ishirini, wamejilaza kwenye mchanga na kwenye vivuli, mmoja wao ndani ya mtumbwi, miguu nje, mdomo wazi. Pembeni aliwaona akina mama wamekaa juani karibu na dagaa "wakipiga soga". Roho ikamuuma. Akauliza nchi hii itajengwa na nani, akashauri wale vijana wapewe majembe.

Mhariri, wale walikuwa wametoka kazini.

Waliingia ziwani jana yake saa kumi na moja jioni. Wakati ndugu yetu anakula chakula cha usiku pale alipofikia, wao walikuwa mbali kiasi kwamba mji wa Kigoma unaonekana kama makaa yaliyobaki jikoni. Wakati amejifunika blanketi, wao wamekaa juu ya maji yenye kina cha zaidi ya mita elfu moja, na si wote wanaojua kuogelea. Walirudi alfajiri, wakapakua, wakauza, wakagawana, wakakunja nyavu, ndipo wakalala. Alipowakuta saa nne, kwao ulikuwa usiku wa manane. Fikiria mtu aingie chumbani kwako saa nane za usiku, akukute unakoroma, aende akaandike gazetini kwamba wewe ni mvivu. Yule wa mdomo wazi ninamjua. Ndivyo anavyolala siku zote, hata msibani.

Nijieleze. Nina umri wa miaka 68, na kwa zaidi ya miaka 40 nilikuwa fundi karabai pale Kibirizi. Vijana hawazijui siku hizi. Ni taa ya mafuta ya taa yenye tangi la shaba na pampu. Unapiga pampu, hewa inayasukuma mafuta juu, yanapita kwenye bomba la moto na kugeuka mvuke, mvuke unatokea kwenye kitundu chembamba kuliko unywele, unawaka ndani ya utambi mweupe unaofanana na soksi ya mtoto mchanga. Mwanga wake ukiutazama moja kwa moja, unaendelea kuuona hata ukifumba macho. Dagaa wa Tanganyika hupanda juu usiku na huufuata mwanga. Mtumbwi bila karabai ulikuwa gogo tu.

Karabai mgonjwa hutibiwa kwa kusikilizwa. Mzima ana mvumo mmoja, mnene, kama mzinga wa nyuki uliofunikwa blanketi. Akianza kukohoa, kitundu kimeingia uchafu. Akipumua kwa kwikwi, pampu imekauka. Ndani ya pampu mna kidude cha ngozi, washa, kama kofia ndogo iliyogeuzwa. Kikikauka hakisukumi kitu. Madukani hazikupatikana kila wakati, kwa hiyo nilikuwa nazikata mwenyewe kutoka kwenye viatu vikuukuu. Kiatu cha harusi cha marehemu shemeji yangu kilitoa washa kumi na saba, mguu wa kushoto peke yake. Alivaa mara moja akasema vinambana. Nilikuwa nikiona mitumbwi inatoka jioni najisemea, shemeji huyo, anakwenda kuvua, yeye ambaye maji yakifika magotini alikuwa anaita mama.

Sasa nifike kwenye neno langu. Katika kazi zote nilizoziona hapa ufukweni, sehemu kubwa ya kazi ni kungoja, na kungoja ndiko ambako mtu anayepita njia hakuoni. Mvuvi wa dagaa hafiki mahali akatupa wavu akaondoka. Anawasha taa, anakaa. Masaa mawili, masaa matatu, wakati mwingine hadi jogoo wa Burundi awike. Dagaa hawaji kwa kuitwa. Wanazunguka mwanga mmoja mmoja, wanaongezeka, wanakuwa kama maji yanayochemka, na nahodha wa mtumbwi anatakiwa ajue dakika ile ya kuuinua wavu. Akiwahi, amepata kitoweo. Akichelewa, wametawanyika. Muda wote huo ukimtazama utaona mtu aliyekaa kajikunyata na sweta. Mchukue ukampe jembe basi.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Wateja wangu walikuja wote kwa pamoja kuanzia saa tisa alasiri, kila mmoja analia taa yake ndiyo iwahiwe. Asubuhi nzima nilikaa kwenye benchi langu nikitazama mbuzi. Watu wakipita: "Fundi, leo umepumzika?" Nisipokuwepo asubuhi, yule mmoja aliyekuja kutoka kijiji cha mbali kwa boti akinikosa, kesho anampelekea mwingine. Kwa hiyo nilikaa. Siku moja mvuvi mmoja akanigombeza kwamba dakika tano tu nimezibua kitundu na nimemchaji shilingi mia tano. Nikamwambia hizo dakika tano nakupa bure, unalipia asubuhi. Hakuelewa. Nikamwambia njoo kesho saa moja, ukae hapa kwenye benchi langu mpaka saa tisa, usifanye chochote, usiondoke, mia tano yako nakurudishia na nyingine naongeza. Alikuja kweli, tena kaoga. Saa tano akaanza kugeuza makalio. Saa sita akaniuliza kama anaweza kwenda kunywa chai mara moja. Saa saba kasoro nilipoinua kichwa hakuwepo. Mia tano yake nikaila kwa amani.

Na wale akina mama waliokuwa "wakipiga soga"! Mke wangu ameanika dagaa miaka 30. Kichwani mwake alikuwa na mahesabu matatu kwa mpigo: kunguru, mbuzi wa jirani, na wingu juu ya milima ya Kongo ng'ambo. Dagaa waliolowa mara ya pili wanakuwa chakula cha kuku. Nimemwona akikatisha habari ya ndoa ya mtu katikati, pale penye utamu kabisa, akainuka na turubai dakika kumi kabla ya tone la kwanza. Soga ilikuwa ya kumfanya asisinzie.

Nadhani lugha yetu yenyewe inatuponza kidogo. Tukikutana na mgeni hatumuulizi anafanya kazi gani, tunamuuliza "unafanya kazi wapi?" Kana kwamba kazi ni nyumba, ina mlango na bendera. Walipokuja washenga kumposa binti yangu mkubwa, mmoja wao, mzee aliyevaa suti ya ofisini, akaniuliza hivyo hivyo: mzee mwenzetu unafanya kazi wapi? Nikamjibu, mchangani. Akacheka kwa adabu, akadhani nimesema "Muchangani", akafikiri ni kampuni. Hata leo nasikia huwaambia watu kwamba mkwe wao alistaafu Muchangani. Sijamsahihisha, maana heshima ya mkwe hurudishwa kwa shida.

Halafu angalia neno kibarua. Ni barua ndogo, ule ukaratasi aliopewa mtu wa kutwa kuonyesha kwamba siku hiyo kafanya kazi. Zamani za mkoloni kulikuwa na kipande pia, kadi ya siku 30, kila siku inawekewa alama. Mtu akafa, karatasi ikabaki kuwa jina lake. Mpaka leo tunaamini kazi ikishaandikwa tu ndiyo imefanyika.

Mimi karatasi hiyo iliniponza mwaka 1983. Nilikwenda Dar es Salaam kutafuta vipuri. Kumbe nimefika wakati wa ile operesheni ya Nguvu Kazi, watu wasio na kitambulisho cha kazi wanakamatwa mitaani kama wazururaji. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha duka Kariakoo, nangoja Mhindi mwenye duka arudi kutoka kula. Mgambo akanisimamia. Kitambulisho? Sina. Unafanya kazi wapi? (Umeona?) Nikasema Kigoma. Akasema Kigoma na hapa Kariakoo wapi na wapi. Nikamweleza mambo ya karabai, dagaa na washa za ngozi, naye akawa ananitazama kama mtu anayesikiliza hadithi ya sungura. Tayari wenzake walikuwa wameshapakia watu kwenye lori. Mwishowe akaniambia nyoosha mikono. Nikanyoosha. Akainama akanusa. Mafuta ya taa, Mhariri, hayatoki kwa sabuni, hayatoki kwa limau, nimeoa nayo na nitazikwa nayo. Akaunusa mkono wa kulia, akaunusa wa kushoto, akamgeukia mwenzake akasema: "Huyu mwache, ananuka."

Ndicho cheti pekee nilichowahi kupewa na mtu mwenye sare.

Sisemi kwamba wavivu hawapo. Wapo, na mmoja nimelea mwenyewe, sitamtaja kwa kuwa ndiye anayechapa. (Ameguna.) Ila nimegundua jambo: mvivu halisi huwezi kumkuta amelala saa nne asubuhi mbele za watu. Ana shughuli huyo! Palikuwa na kijana mmoja kwenye mtumbwi wa tajiri fulani, kila ukimtazama anafunga kamba. Akimaliza anaifungua aifunge vizuri zaidi. Usiku mzima. Wenzake wanavuta wavu, yeye "subirini nimalizie hii". Ilichukua mwezi mzima kabla hawajagundua kwamba ile kamba haikuwa imefungwa kwenye kitu chochote. Nasikia baadaye alipata kazi nzuri sana mjini, anatembea na faili kwapani.

Lakini kama msomaji wenu anataka kuwaona watu wa Kibirizi wakiwa hawana kazi kweli, angekuja mwaka 2024. Ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, miezi 3, samaki wapate kuzaliana. Hatua ilikuwa na maana yake. Nyavu zilikuwa zinatoka nyepesi mwaka hadi mwaka, na anayebisha hakuwahi kuona dagaa wa miaka ya sabini. Ninachotaka kueleza ni kilichotokea ufukweni. Wanaume waliolalamika maisha yao yote kwamba wanakosa usingizi wa usiku, sasa wakawa nao, na hawakujua waufanyie nini. Saa nane za usiku unawasikia wanatembea nje. Jirani yangu alihama kitandani akawa analala ndani ya mtumbwi uliopandishwa mchangani, mkewe akadhani ana nyumba ndogo, akamvizia, akamkuta amelala na kasia.

Na salamu zikatuvurugikia. Sisi tukikutana na mtu anarudi shambani au ziwani tunamwambia "pole na kazi", naye anajibu "nimeshapoa". Tumezoea. Tunampa mtu pole kwa sababu anayo kazi. Sasa miezi ile mtu alikuwa akimwona mvuvi anakuja, anafungua mdomo, "pole na...", anaufunga. Pole na nini? Mzee mmoja akaamua kuendelea kusema "pole na kazi" hivyo hivyo kila asubuhi, nao wakawa wanamjibu "tumeshapoa", kwa sauti ndogo, kama watu wanaoitikia dua. Nilimwuliza kwa nini asiseme kitu kingine. Akasema: "Nikiacha watasahau kujibu."

Kwa kweli ziwa lilikuwa na likizo zake hata kabla ya hapo. Kila mwezi, mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawaifuati taa kwa kuwa juu kuna taa kubwa zaidi, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Mwajiri wetu alikuwa mwezi. Hapokei rushwa, hachelewi, na hana haja ya kukuandikia barua ya onyo. Siku hizo ndizo nilizopokea karabai nyingi za matengenezo makubwa, ndizo nilizooa, ndizo nilizozaa. Watoto wangu wote sita hesabu zao zinaangukia mbalamwezi. Mke wangu hapendi niandike hili, ila ni ukweli na mkunga alishaliona.

Kisha taa za betri na sola zikaja. Kama miaka kumi na kitu iliyopita mtumbwi mmoja ulizitumia, wenzao wakawacheka, wiki iliyofuata wakaulizia bei. Sina ugomvi nazo. Hazili mafuta, na mafuta yalikuwa yanamaliza watu: usiku ukitoka kapa, mvuvi alirudi na deni la lita alizochoma. Wala hazilipuki mtu usoni. Mimi nina alama mbili shavuni kutokana na karabai, na mwenzangu wa Katonga alipoteza jicho. Kwa hiyo anayelia kwamba kazi yake imekufa, aulize kwanza ilikuwa inaua nani. Ila siku uliyokaa kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni bila hata mtu mmoja wa kuja kukugombeza, hiyo siku ni ndefu. Nilirudi siku ya pili. Nilirudi mwezi mzima. Mke wangu hakusema kitu, aliendelea kunifungia chakula kwenye bakuli lile lile.

Baba yangu alikuwa akinisimulia habari za meli yetu, Liemba. Wajerumani waliijenga kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaisafirisha kwenye masanduku kwa maelfu, kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, wakaiunga upya Kigoma. Vita ikawaelemea. Mwaka 1916 wakaambiwa waizamishe wasije wakaiteka adui. Mafundi walioiunga ndio waliopewa kazi ya kuizamisha. Nao kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi, nene, kila mahali, kama mtu anayempaka mtoto mafuta asubuhi ya baridi. Ndipo wakaiteremsha karibu na mlango wa Malagarasi. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mashine zilikuwa nzima. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na nimeipanda mara nyingi mimi mwenyewe.

Huwa nawafikiria wale mafundi. Amri ilisema zamisha, haikusema paka grisi. Adui yuko njiani, nao wako chini kwenye chumba cha mashine na ndoo, wanapaka, wanahakikisha na kule nyuma ambako mkono haufiki vizuri. Hakuna aliyewalipa kwa grisi ile. Sijui kama hata waliambizana kwa nini wanafanya hivyo. Mimi ningekuwepo nisingeuliza, ningeomba ndoo.

Kwa hiyo msomaji wenu akija tena, aje mwezi ukiwa haupo. Asije saa nne asubuhi. Afike Kibirizi saa tatu za usiku, atazame ziwani, ataona taa zimetanda mpaka atashindwa kujua ziwa linaishia wapi na nyota zinaanzia wapi. Chini ya kila taa kuna watu wamekaa hawafanyi kitu. Awahesabu. Kuhusu majembe, ayaache kwanza huko huko. Akitaka kuleta zawadi alete tambi za karabai, maana hapa Kigoma sijaziona dukani muda mrefu.

Najua utauliza za nini. Nina karabai kumi na moja, wateja hawakuzirudia. Nimezifungua zote, nimesafisha vitundu, nimebadilisha washa (mguu wa kulia wa shemeji), nimezipaka grisi pampu na kila mahali pa kupakwa, nimezifunga kwenye gunia, nimezisukuma chini ya kitanda. Mke wangu aliniuliza zinangoja nini. Nikamwambia Liemba ilikaa chini miaka 8. Akasema Liemba haikukaa chini ya kitanda chake.

Ni mimi,
Fundi karabai mstaafu (wa Muchangani),
Kibirizi, Kigoma